Hitilafu na Maombi katika Programu Huria

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake umewekwa wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Firefox ya kutembelea mtandao, LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu, VLC ya kuchezea video, Linux inayoendesha seva nyingi za dunia, na programu iliyo nyuma ya Wikipedia, zote ni za kundi hilo. Karibu kila mradi wa namna hii una daftari la hitilafu linalosomwa na kila mtu. Ndani yake kila kitu kilichoharibika, au kinachotamaniwa, kina namba yake, kichwa chake, tarehe na maelezo ya waliochangia. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ina daftari la aina hiyo tangu 1994. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ilitoa lake, Bugzilla, mwaka 1998, na miradi mingi ikalichukua. Siku hizi sehemu kubwa ya miradi hukaa katika tovuti ya GitHub, iliyofunguliwa 2008. Anayeandika katika madaftari haya halazimiki kujua kuandika msimbo. Anahitaji akaunti, barua pepe na uvumilivu kidogo.

Kwa Waswahili wa West Side ya Buffalo, pale mtaa wa Grant na vichochoro vyake, na kwa wenzao wa Louisville na Columbus, jambo hili linaweza kuonekana la mbali, la vijana wa California. Mfano mzuri kuliko yote, hata hivyo, uko Ohio, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kusini-mashariki ya Columbus, katika wilaya ya Athens. Maktaba ya umma ya huko, iliyojulikana kwa jina la Nelsonville Public Library, ilikuwa maktaba ya umma ya kwanza Marekani kuanza kutumia Koha.

Koha ni programu huria ya kuendeshea maktaba: orodha ya vitabu, kadi za wasomaji, kuazima na kurudisha. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani ulihofiwa kwamba hautauvuka mwaka 2000. Ilianza kazi Januari ya mwaka huohuo na msimbo ukatolewa bure. Ilipofika Ohio ilikuwa na pengo kubwa. Maktaba za Marekani huhifadhi kumbukumbu za vitabu kwa mpangilio uitwao MARC, uliobuniwa na Henriette Avram katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, na Koha ya mwanzo haikuujua. Watu wa Nelsonville hawakuishia kulalamika. Walieleza wanachohitaji, wakatoa fedha za kuwalipa waandishi wa msimbo, na kilichopatikana kikaingia katika Koha ya wote. Leo chuo kikuu cha Afrika Mashariki kinachoorodhesha vitabu vyake kwa Koha kinatumia, bila kulipa senti, kitu kilichoombwa na kugharimiwa na mji mdogo wa Ohio.

Hapo pana mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Ripoti ya hitilafu inasema kwamba programu haifanyi ilichoahidi kufanya. Ombi la nyongeza linasema kwamba programu inafanya ilichoahidi, ila ahadi yenyewe haitoshi. Daftari huwa moja, lakini mizani ya kuyapimia ni tofauti. Katika Bugzilla ya Koha, kwa mfano, hitilafu hupangwa kwa uzito, kuanzia zile za urembo tu hadi zile zinazosimamisha kazi kabisa, na maombi huwa na madaraja yao kando.

Tukianza na ripoti, mfano mmoja wa kubuni unatosha kuonyesha kazi ilivyo. Mama mmoja wa West Side anamtafutia mjukuu wake kitabu cha hadithi chenye neno "ng'ombe" katika jina lake. Anaandika neno hilo kwenye simu. Katalogi inajibu kwamba hakuna kitu. Binti yake anaandika neno lilelile kwenye kompyuta ya maktaba, na kitabu kinatokea. Mama ataapa kwamba katalogi imeharibika. Binti ataapa kwamba ni nzima. Wote wawili wana haki.

Ripoti ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni hii: "Utafutaji haufanyi kazi." Mtunzaji wa programu, ambaye pengine yuko Wellington au Marseille, anafungua katalogi yake, anatafuta neno lolote, anapata vitabu, na anaifunga ripoti. Hajakosea. Amepewa kauli asiyoweza kuijaribu.

Ripoti yenye manufaa inamwezesha mtunzaji kuliona tatizo kwa macho yake akiwa alipo. Simon Tatham, Mwingereza aliyeandika programu ya PuTTY, alilijenga wazo hilo katika makala yake ya 1999 ambayo miradi mingi bado inawaelekeza watu waisome. Katika mfano wa ng'ombe, mwandishi wa ripoti angetaja kwanza toleo la programu, ambalo mara nyingi huandikwa chini ya ukurasa au katika sehemu ya "Kuhusu". Angetaja simu, mfumo wake endeshi na kivinjari. Kisha hatua, moja baada ya nyingine: fungua ukurasa wa kutafutia, andika ng'ombe kwa kibodi ya simu, bofya kitufe cha kutafuta. Kisha kilichotarajiwa, yaani kitabu fulani ambacho kimo katika orodha. Kisha kilichotokea: hakuna jibu. Na mwisho kile kinacholifanya tatizo kuwa dogo na la kushikika: neno hilohilo likiandikwa kwa kompyuta, kitabu kinapatikana.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Inambakishia mtunzaji swali moja tu: simu inaandika nini ambacho kompyuta haiandiki? Jibu ni ritifaa, ile alama iliyo ndani ya ng'ombe. Kibodi nyingi za kompyuta hutoa alama iliyonyooka, ambayo katika jedwali la herufi la Unicode ni U+0027. Baadhi ya simu, iPhone zikiwemo, huibadilisha zenyewe kuwa alama iliyopinda, U+2019. Kwa jicho la binadamu hazitofautiani. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizo na undugu. Mzungumzaji wa Kiingereza huiona shida hii mara mojamoja. Kwa Kiswahili inagusa ng'ambo, ng'ara, ng'oa na kila jina lenye sauti hiyo. Mtunzaji anaweza kukaa miaka kumi bila kukutana nayo, kwa sababu hakuna ng'ombe katika lugha yake.

Mwenye kuripoti hana wajibu wa kujua habari ya Unicode. Tena kuna hatari anapojaribu kuwa mganga kabla ya kueleza maradhi. Akiandika "hifadhidata yenu imeoza" badala ya kueleza alichokiona, mtunzaji atapoteza siku akichunguza hifadhidata iliyo nzima. Kukisia si kosa, ila makisio yakae mwisho, na yaitwe makisio. Ujumbe wa kosa unaoonekana kwenye skrini unakiliwe neno kwa neno, hata kama hausomeki, kwa kuwa herufi hizo zisizo na maana kwa msomaji mara nyingi ndizo zinazomwelekeza mtunzaji kwenye mstari wenyewe wa msimbo. Hitilafu mbili zapaswa kuwa ripoti mbili. Na kichwa kiseme jambo: "Maneno yenye ng' hayapatikani yakiandikwa kwa simu" kitamvuta mtu anayejua mambo ya herufi, "Tatizo kubwa, msaada" hakimvuti yeyote.

Kabla ya kuandika, daftari hutafutwa kwanza. Pengine ng'ombe wameshapotea kwa mtu wa Mombasa au Bujumbura, na ripoti yake ipo ikiwa na namba. Hapo kinachofaa ni kuongeza taarifa mpya, kama vile aina nyingine ya simu au toleo jingine, chini ya ripoti ileile. Kuandika "na mimi pia" peke yake huwajazia watu barua pepe bila kuwasaidia. Ripoti iliyorudiwa hufungwa na kuunganishwa na ya kwanza. Wageni wengi huchukulia hilo kama dharau, na si dharau.

Lugha ya madaftari haya karibu yote ni Kiingereza. Hicho ni kizuizi cha kweli, na hakuna faida ya kujifanya hakipo. Lakini Kiingereza kinachohitajika hapo ni kifupi na kikavu: fungua hiki, bofya kile, kinatokea hiki. Kijana wa sekondari ya Louisville anaweza kumwandikia shangazi yake ripoti kamili kwa sentensi kumi za namna hiyo, na ripoti yenye sarufi mbovu na hatua kamili huishinda ile ya Kiingereza fasaha iliyojaa hasira. Programu ikiwa inatumiwa kwa Kiswahili, vizuri kuigeuza kwa muda kuwa ya Kiingereza na kunakili ujumbe wa kosa kwa lugha zote mbili, ili mtunzaji autambue.

Kuna makosa ambayo daftari la programu si mahali pake. Tafsiri mbovu ya kitufe katika Wikipedia ya Kiswahili hurekebishwa katika tovuti ya translatewiki.net, na ile ya Firefox katika Pontoon, mtambo wa tafsiri wa Mozilla. Humo mtu hasubiri kuomba, anaandika tafsiri bora na kuiacha ikaguliwe. Ni kazi yenye historia kwa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa lugha hii. Majina ya siku na miezi, na namna ya kuandika tarehe, hutoka mbali zaidi, katika hazina ya CLDR inayotunzwa na Unicode Consortium, yenye Kiswahili pamoja na matawi yake ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Android na iPhone zote huteka maji hapo. Kosa la mwezi likirekebishwa kwenye chanzo hicho husambaa kila mahali. Likirekebishwa katika programu moja hubaki katika nyingine zote.

Baada ya ripoti kuingia, safari yake hutegemea mradi. Ya Koha inastahili kutazamwa kwa makini. Mtu akiandika rekebisho, hali ya ripoti hubadilishwa kuonyesha kwamba inangoja kuthibitishwa. Mwingine, asiye mwandishi wa rekebisho hilo, lazima alijaribu na kuliwekea sahihi. Kisha hupita kwa wakaguzi wa ubora, ndipo liingizwe katika programu. Mwenye kuweka sahihi hahitaji kuwa mwandishi wa msimbo: kuna seva za majaribio ambazo mkutubi huzifungua kwa kivinjari chake, akafuata hatua zilizoandikwa, akatazama kama mambo yamekaa sawa. Utaratibu huu unampa mfanyakazi wa kaunta sauti ambayo programu nyingi za kununua hazijawahi kumpa mteja wake.

Maombi ya nyongeza yana tabia nyingine. Linux yenyewe ilianza kwa kuomba maombi: tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliwatangazia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anaandika mfumo endeshi kama mchezo wa mapumziko, akawauliza wangependa kuona nini ndani yake, huku akitahadharisha kwamba haahidi kutekeleza. Tahadhari hiyo bado ndiyo sheria. Hitilafu ni deni la heshima. Nyongeza haimpi mwombaji dai lolote.

Kosa la kawaida katika kuomba ni kuleta suluhisho badala ya shida. Saa za Kiswahili zinalieleza hili vizuri. Kliniki inamwandikia mgonjwa miadi ya 8:00 AM. Jirani anamsomea "saa nane." Mgonjwa anafika saa nane mchana, yaani 2:00 PM, saa sita baada ya daktari kumngoja. Ombi linalosema "wekeni kitufe cha saa za Kiswahili" litamduwaza mtunzaji, naye ataliacha. Ombi linaloeleza kisa chenyewe, kwamba saa za mchana huhesabiwa tangu mapambazuko na kwamba wagonjwa hukosa miadi, linampa nafasi ya kufikiri. Pengine atajibu kwamba kila kliniki inaweza tayari kubadilisha maneno ya ujumbe na kuandika "saa 2 asubuhi", bila mstari mpya wa msimbo.

Majina na tarehe za kuzaliwa ni shamba jingine la aina hiyo. Wakimbizi wengi waliofika Marekani wana tarehe 1 Januari kwenye karatasi zao, kwa sababu siku halisi haikuwa na cheti. Mkongo ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina la ukoo. Fomu ya Kimarekani yenye visanduku vya jina la kwanza na la mwisho humkata mtu vipande. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, imelishughulikia hili vizuri kuliko mifumo mingi ya kununua. Ilianza 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, chini ya kilomita 200 kutoka Louisville, na shirika la Partners In Health, na mizizi yake iko Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Kumbukumbu yake ya mtu ina alama ya kusema kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria, na ina nafasi ya jina la kati na hata jina la pili la ukoo. Programu iliyokulia miongoni mwa watu wasio na vyeti hujua kuuliza kwa adabu.

Ombi likikubaliwa, bado huhitaji mtu wa kulifanya. Njia ya Nelsonville, ya kutoa fedha, ni moja. Nyingine ni maktaba au kliniki kadhaa kuchangiana gharama. Nyingine ni kujitolea kwa kazi isiyo msimbo: kuandika maelezo, kutafsiri, kujaribu. Columbus ina mkutano ulioanza 2003 kwa jina la Ohio LinuxFest, ambapo watumiaji na watunzaji hukutana uso kwa uso, na maneno mawili ya ana kwa ana huweza kulifufua ombi lililolala miaka.

Kinachoharibu uhusiano huu ni shinikizo. Mwaka 2022 Lasse Collin, Mfini aliyekuwa akitunza karibu peke yake XZ, programu ndogo ya kubana data iliyomo katika Linux nyingi, alisukumwa hadharani na watu wenye majina yasiyojulikana waliodai kwamba anachelewa na ampishe mwingine. Alijibu kwamba ni kazi ya ridhaa isiyolipwa. Msaidizi aliyepokelewa kwa shinikizo hilo, aliyejiita Jia Tan, aliingiza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mwanzoni mwa 2024. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshangaa kuona kuingia kwenye seva kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Aliwaarifu kwanza kwa siri watunzaji wa usalama, kisha tarehe 29 Machi 2024 akatoa ripoti ya wazi yenye matoleo, vipimo na hatua. Kwa kujifunza uandishi wa ripoti, hiyo ya Freund inafaa kusomwa yote.

Usiri aliouanza nao Freund ni kanuni. Hitilafu inayoruhusu wizi wa nenosiri au wa kumbukumbu za watu haiandikwi katika daftari la wazi kabla haijarekebishwa, maana wezi nao husoma. Miradi huwa na faili au anwani maalumu ya usalama, na desturi iliyoenea ni kuwapa watunzaji siku 90 kabla ya kutangaza. Kuna siri nyingine ambayo wakalimani na wahudumu wa kliniki huivunja bila kukusudia: picha ya skrini yenye jina la mgonjwa. Marekani ina sheria ya HIPAA ya 1996 inayolinda taarifa za afya, na picha iliyowekwa katika daftari la wazi husambaa mara moja, hata ikifutwa baadaye. Mgonjwa wa kubuni, mwenye jina la kubuni na tarehe ya kubuni, huonyesha hitilafu ileile.

Rekebisho likitoka, ripoti hufungwa na toleo lenye rekebisho hutajwa. Mwenye ripoti ndiye anayefaa kulijaribu wa kwanza, kwa simu ileile na neno lilelile, kisha aseme kama limekubali. Hitilafu ikirudi katika toleo la baadaye, huandikwa ripoti mpya yenye kutaja namba ya ile ya zamani, kwa kuwa iliyofungwa siku nyingi mara nyingi haina tena mtu anayeitazama.